Kiini Chembamba cha Chumba cha Baridi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimejipa cheo. Sikukusudia. Mdomo ulitangulia, mimi nikaufuata.

Ilikuwa hivi. Tonton Noël, ndugu wa mama yangu, ambaye nakaa kwake tangu nimalize masomo ya kompyuta na kukosa kazi, alinituma Lubunga kununua samaki. Nikavuka mto kwa pirogi. Kwenye chumba cha baridi cha akina mama wauza samaki nikakuta zogo. Mashine inayolinda baridi imekufa! Ni kitu kidogo, kama kopo la sardini, kimefungwa ukutani chini ya skrini yake. Waya unatoka humo unaingia ndani hadi kwenye kipimajoto. Baridi ikipungua, mashine inapiga kelele hadi ng'ambo ya mto wanasikia. Sasa kadi yake, ile inayobeba mfumo wote, imeungua. Skrini nyeusi kama sufuria.

Maman Germaine, rais wa akina mama, alikuwa amejishika kiuno. Ana haki. Jumamosi ya wiki ijayo anamwoza binti yake Chimène, na kila boti inayotoka Isangi inamletea samaki wa arusi, kapitene wakubwa. Wote wanaingia mle ndani.

Célestin alikuwapo. Bila shaka! Nilisoma naye benchi moja. Siku zote ana bisibisi mfukoni mwa shati, kama padri na msalaba wake. Alisema si kazi kubwa. Ataweka kadi mpya na kiini cha kawaida, kile chenye pilote za mashine za kila aina, na mambo yataisha.

Akina mama hawakuelewa. Nikawaeleza mimi, kwa sauti. Kiini ni moyo wa mfumo wa kompyuta. Pilote ni vipande vidogo vinavyokifundisha kiini kusema na vifaa: pilote ya skrini, pilote ya kipimajoto, na kadhalika. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilisema kiini cha kawaida ni aibu, kinabeba pilote za mashine ambazo hazitafika Kisangani hata siku moja. Kinene! Kizito! Mimi nitashona kiini kwa kipimo cha mashine hii peke yake. Kama suti.

Akina mama wanapenda suti.

Maman Germaine aliuliza mimi ni nani hasa. Nikamjibu kwamba ni ingénieur wa viini. Célestin alikohoa muda mrefu kidogo.

Nimepewa kazi. Nimeahidiwa kiti kwenye meza ya mbele arusini, na jina langu litachorwa kwenye mlango wa chumba cha baridi. Nimerudi nyumbani nikiimba. Samaki nimesahau. Tonton Noël amekula lituma kavu, ndizi za kuponda bila kitoweo, na kuninunia.

Kiini sijawahi kushona. Hata kifungo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeanza. Mashine iko mezani, pamoja na katoni yake, ambayo Maman Germaine alinikabidhi kama mtoto wa ubatizo.

Kujenga kiini kunaanza na maswali. Mengi! Swali la kwanza kubwa: mashine yako ni ya familia gani? Maana kila mtengenezaji ana familia yake ya mashine, na kila familia ina pilote zake ambazo hazifai kwingine. Katoni imeandikwa jina la familia kwa herufi za dhahabu. Nikaikubali hiyo. Zingine zote nikazikataa.

Raha yake haielezeki! Ukiikataa familia moja, pilote zake zote zinatoweka kwenye orodha papo hapo, kama watu waliohamishwa na kuku wao. Nikafukuza familia hii. Nikafukuza ile. Nilijisikia gavana.

Kisha yakaja maswali madogo. Unajibu Y ukitaka kitu, N usipokitaka. Kila swali lina maelezo, na mengi yanamalizika kwa shauri moja: ukiwa na shaka, jibu N. Shauri zuri sana. Nilikuwa na shaka karibu kila mahali. N. N. N. Kufikia chakula cha mchana kiini changu kilikuwa kimekonda kama mtu aliyetoka malaria.

Tonton Noël alichungulia, akataka kujua nafanya nini. Nikamwambia natengeneza noyau, maana kwa Kifaransa kiini ndiyo noyau, sawa na kokwa. Aliuliza kama ni noyau ya avoka au ya embe. Nikamwambia ni ya kompyuta. Alinitazama kwa huruma, akaenda kwa jirani kuomba chumvi.

Ijumaa, 7 Juni

Skrini nyeusi.

Laptop ilijenga kiini mchana kutwa. Ilichemka mpaka Tonton akaweka vitambaa vyake juu yake vikauke. Nikavuka na mashine kwenda Lubunga, nikaifunga ukutani, nikaweka kadi mbele ya akina mama, nikawasha kwa kidole kimoja, kidole kingine kikiwa hewani, kama mwongoza kwaya.

Hakuna kitu. Hata nukta moja ya mwanga.

Karima, ambaye anauza karibu na mlango na ana ulimi mwepesi, aliuliza kama imekufa tena. Nikasema inafikiri. Akauliza itafikiri mpaka lini. Nikasema viini vyembamba vinafikiri kwa kina. Nilihisi jasho likishuka hadi kwenye soksi.

Nikaenda kwa Célestin. Si kuomba msaada! Nilimwambia nina rafiki huko Bunia, maskini, kiini chake hakiwaki. Célestin aliendelea kukaza skrubu za redio ya mtu. Aliuliza kama rafiki yangu amesoma maandishi yaliyo juu ya chipu yenyewe, au amesoma katoni tu.

Nilicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mwenye kuumwa tumbo.

Njiani nikampitia Maman Germaine na kumuuliza, kama mtu anayepita tu, ile katoni aliipata wapi. Alisema aliichukua kwa jirani, ilikuwa nzuri kwa kutunzia skrubu.

Kwa jirani! Ilikuwa katoni ya kisimbuzi cha televisheni.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya utukufu na fedheha. Naanza na utukufu.

Jana nilivuka, nikasoma chipu kwa miwani ya Tonton. Familia nyingine kabisa! Nilikuwa nimeifukuza ya kwanza, kwa furaha. Nikairudisha. Pilote zake zikarudi kwenye orodha, zote zimeandikwa N, zinaningoja niamue. Ningeweza kuzikubali zote. Lakini Célestin angesema kiini changu ni kinene kama chake. Nikakubali skrini, kadi, na vichache vingine vyenye majina yanayoeleweka. Zilizobaki, N.

Leo baada ya misa nimevuka. Nimewasha. Imewaka! Maandishi yameteremka kwenye skrini kama mvua. Nimepiga kelele peke yangu mbele ya mlango uliofungwa. Nimempigia simu Maman Germaine, nikamwambia kesho nakabidhi. Alipiga vigelegele ndani ya simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Sasa fedheha. Baada ya kukata simu nikaiambia mashine inionyeshe joto la ndani. Ikajibu kwamba haioni kipimajoto. Kipimajoto gani? Hakipo.

Nimeketi juu ya kreti tupu nikafikiri. Waya wa kipimajoto unaingia kwenye njia fulani ndani ya mashine. Njia ile ina pilote yake, ya familia ile tu. Ilikuwa na jina refu lisiloeleweka. Nilikuwa na shaka. Nikajibu N.

Kujenga upya ni siku nzima. Na kesho akina mama wanakuja wote, Célestin naye kaalikwa.

Basi nikaandika programu ndogo sana. Ina mstari mmoja tu wa maana. Inaonyesha kwenye skrini, kwa tarakimu kubwa za buluu: –18. Ndiyo baridi inayotakiwa, na nilipofungua mlango palikuwa na baridi kali kweli, pua iliniuma. Kwa hiyo si uongo. Ni ukweli ambao haujapimwa. Ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka nirekebishe.

Sikumtazama Bikira Maria usoni nilipopita kanisani kurudi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekabidhi. Makofi! Nyimbo! Maman Germaine alivaa kitenge kipya. Namba ya buluu ikang'aa, na akina mama wakaipiga picha kwa simu zao.

Célestin aliitazama kwa muda. Alisema mashine imewaka haraka, kwa kweli, hongera. Nikafura kwa fahari. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba wafungue mlango kidogo ili waone namba ikipanda.

Nilisema baridi ni kitu kizito, haitoki haraka. Nilisema pia kwamba mashine bado ni changa. Sijui maana yake nini. Maman Germaine ndiye aliyeniokoa: alikataza mlango usifunguliwe, samaki wa Chimène wasipate hewa. Akatangaza kwamba hakuna atakayefungua mpaka Ijumaa asubuhi, siku ya kuandaa liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani. Hakuna haja ya kuchungulia tena, alisema, sasa tuna namba.

Mchoraji tayari ameanza jina langu mlangoni. RUPHIN, kwa rangi nyekundu. Nilitakiwa kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya marehemu.

Jumatano, 12 Juni

Nimejaribu kuwa mtu mwema. Iandikwe hivyo!

Nilitaka kujenga kiini upya, safari hii nikiwa na ile pilote yenye jina refu, ili namba iwe namba. Lakini mtaani kwetu hakuna umeme tangu jana, na betri ya laptop yangu haifiki hata kumaliza sala ya Baba Yetu. Nikakumbuka: chumba cha baridi kina panneaux za jua juu ya paa! Nikavuka na laptop. Upande wa nyuma kuna kichochoro kidogo chenye prise za umeme ukutani. Zote zimejaa. Nyaya nyeupe, waya mmoja mweusi. Nikafikiri: nyeupe ndizo za muhimu, ni mpya. Mweusi ni mzee, una vumbi, labda ni wa taa iliyokufa. Nikauchomoa. Hakuna kilichozima. Mashine ukutani iliendelea kuonyesha –18. Nikachomeka chargeur yangu.

(Chargeur hiyo ina jina langu juu yake kwenye plasta nyeupe. Niliandika mwenyewe, nilipomshuku Célestin. Hakuwahi kuichukua.)

Laptop ikaanza kazi. Nikakaa kivulini. Baa ya jirani ilikuwa inapiga muziki kwa nguvu zote, hata fikra zangu sikuzisikia. Alasiri kiini kikakwama katikati na kosa jekundu. Nikiwa bado nalisoma, nikamwona Célestin anakuja kwa njia ya mtoni, bisibisi yake inameta. Hakupaswa kunikuta pale, ingénieur aliyekwisha kabidhi, anajenga upya! Nikakwapua laptop nikapita nyuma ya baa, nikajikwaa kwenye kreti za chupa tupu, nikafika kwenye pirogi nachechemea.

Kesho nitamalizia. Au keshokutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Bado hakuna umeme. Siioni chargeur. Namshuku Célestin.

Ijumaa, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Naanzia na harufu.

Niliipata nikiwa bado ndani ya pirogi. Mpiga kasia alinitazama mimi kwanza. Kisha akatazama ukingoni Lubunga na kuvuta shati lake mpaka puani.

Mlango ulikuwa wazi. Jina langu jekundu lilikuwa limefunguka pamoja nao. Mbele yake akina mama walikuwa wamesimama wakiwa na majani yao ya liboke mikononi, yaliyooshwa tayari, na hakuna aliyesema neno. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Akina mama wa samaki kunyamaza! Ndani, maji mekundu sakafuni. Kapitene wa Chimène, wakubwa kama watoto wa shule, macho yamezama. Na ukutani, juu ya yote hayo, tarakimu za buluu, safi, zimetulia: –18.

Maman Germaine aliniuliza nini kimetokea.

Nikasema panya.

Akauliza panya gani. Nikasema panya wa mtoni, wanakata nyaya. Niliwaeleza hata meno yao. Nilikuwa naona aibu neno kwa neno na bado nilikuwa naendelea, kama baiskeli ya toleka, ile ya abiria, iliyokatika breki kwenye mteremko.

Karima akazunguka nyuma. Akarudi na waya mweusi mkono mmoja, umechomolewa, mzima, hauna alama ya jino. Mkono wa pili alikuwa ameshika chargeur. Aliisogeza karibu na macho, akasoma plasta, herufi moja moja, mbele ya watu wote.

"Iko jina ya panya juu yake," alisema. "Panya anaitwa Ruphin."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

Célestin alikuwa amefika. Alichomeka kibodi yake ndogo kwenye mashine, akatafuta, akasoma. Niliona macho yake yakifika kwenye mstari ule mmoja. Kisha akaigeuza skrini polepole ikatazama ukuta, akina mama wasiione. Aliangalia chini, kama yeye ndiye aliyeandika.

Maman Germaine si mjinga. Alimuuliza mbona namba haikupanda. Célestin alisema swali hilo ni la Ruphin.

Basi nikasema. Nilisema namba haikupanda kwa sababu haikuwa imeshikamana na chochote. Niliichora tu. Kipimajoto hakijawahi kusema na mashine hata siku moja, kwa sababu pilote yake niliikataa ili kiini kiwe chembamba. Nilisema na habari ya waya mweusi, ambao kumbe ndio ulioulisha mtambo wa baridi. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Nilingoja makofi ya uso. Maman Germaine alikaa juu ya kreti, akaondoa jani moja la liboke mapajani.

"Mutoto yangu," alisema, "haiko samaki njo inaniuma. Samaki iko mutoni. Ni ile namba. Siku zote, asubui na mangaribi, nilikuwa napita hapa naiangalia. Nasema, bon, Ruphin iko anachunga, tulale. Alors nilikuwa nasema na nani?"

Nikaenda kutafuta koleo.

Mchana kutwa nimechimba shimo nyuma ya chumba na kuzika samaki. Célestin alileta koleo la pili, akachimba upande wake bila kuniambia lolote. Ingekuwa nafuu angenitukana. Jioni Maman Germaine akanipa kazi ya mwisho: nipite kwa kila mama mwenye samaki mle ndani, nimweleze mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimepita. Mama mmoja mzee, haoni vizuri, alinishika mkono akasema pole sana, mwanangu, na huyo mshenzi aliyefanya hivyo ni nani?

Nikamwambia tena.

Jumamosi, 15 Juni

Arusi imefanyika. Hawakuahirisha. Kila nyumba ilileta kuku, au maharage, au pondu, na kaka yake Maman Germaine alishuka kutoka Yanonge na vikapu vya samaki waliokaushwa juu ya moto. Wageni walikula na kusema hawajawahi kula vizuri hivyo. Mimi sikula. Nilikuwa nyuma, na masufuria.

Kwenye meza ya mbele kiti kimoja kilibaki wazi. Nilikiona kupitia uwazi wa turubai. Baadaye wakamweka mtoto wa mtu.

Chimène alipita karibu nami katika gauni lake jeupe, amelishika juu lisiguse tope. Nikafuta mikono, nikaanza hotuba ya kuomba radhi niliyoitunga asubuhi nzima. Alininyamazisha kwa kidole. Alisema amenisamehe, ni siku yake ya kusamehe watu, lakini nisogee upande wa pili wa upepo.

Nimeoga kwa sabuni ya kufulia. Kwa majani ya limau. Tonton Noël bado anakula uani.

Na kuna jambo baya zaidi. Nikiwa naosha masufuria nikasikia mama mmoja akinusa samaki wa kikapu na kumwambia mwenzake amtupe, huyu ameanza kuwa ruphin. Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha mwenzake akanusa naye akasema hapana, huyu bado, si ruphin, ni moshi tu.

Nimekuwa neno.

Jumapili, 16 Juni

Célestin amekuja kunichukua nyumbani, kwa hiari yake, ili nimsaidie kutengeneza mashine. Nilikwenda. Nilimshikia tochi.

Ameweka kiini cha kawaida, kinene, chenye familia zote ndani yake. Kiliwaka taratibu, kama mzee anayeinuka kitini. Halafu namba ikaja: 27. Joto lenyewe la chumba kitupu! Ikacheza, 26, 27. Akachomeka waya mweusi, na namba ikaanza kushuka mbele ya macho yetu. Ilikuwa namba mbaya, isiyotulia, na nilitaka kulia nikiitazama.

Alinieleza bila kuniangalia usoni, nadhani ili nisione haya zaidi. Mtu anayetaka kiini chembamba aanze na kinene kinachofanya kazi. Aondoe kitu kimoja, ajenge, ajaribu kila kifaa, ndipo aondoe kingine. Na pilote za familia ya mashine yako usiziguse mpaka ujue kila moja inashika nini. Ni kazi ya wiki nyingi. Si ya kufanya mbele za watu.

Nikamuuliza kwa nini aligeuza skrini siku ile. Alisema na yeye aliwahi kuaibika, haipendezi.

Nilimshukuru. Nililia kidogo, nikasingizia tochi. Nimeapa mbele ya mto kwamba nitakuwa mtu mpole, mwenye kuuliza, mwenye kusema sijui. Célestin amekubali kunifundisha kila Jumanne.

Mlangoni wamepaka rangi nyeupe juu ya jina langu. Nyekundu inaonekana bado kwa chini.

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda kwa Célestin. Kumetokea jambo!

Asubuhi nilikuwa ukingoni nikijizoeza kusema sijui. Akaja mzee mmoja, Papa Sébastien, mwenye boti kubwa inayokwenda Isangi. Mwili mkubwa, kofia ya ngozi. Alisema kila akitua Lubunga anasikia watu wanataja Ruphin, Ruphin, hata wauza samaki. Akataka kujua kama ndimi mtu huyo maarufu.

Nilinyoosha kola. Nikakubali kwamba ndimi.

Akanieleza shida yake. Amenunua sonda, mashine inayofungwa chini ya boti kutazama michanga iliyo majini, ili boti isipande juu yake na abiria wote. Hakuna anayejua kuifunga wala kuiandaa. Je, mimi naijua?

Hapa palikuwa mahali pa neno lile. Nililihisi linapanda kooni, nililiandaa tangu jana. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia nimekulia ndani ya sonda. Nikamwambia zile zinazouzwa zinaona mambo mengi yasiyo na faida, samaki, magogo, majani. Ya kwake nitaipunguza, iwe nyepesi, ione mchanga tu. Macho yake yaling'aa. Aliniita ingénieur mara ile ile, bila hata mimi kumwambia!

Tunaondoka kesho asubuhi na abiria na magunia ya mchele. Nitaiandaa tukiwa njiani, mto ni mrefu. Tonton Noël ameniuliza kama nimeshawahi kuiona sonda. Nimemwambia asiniletee mikosi. Célestin nimemtumia ujumbe kwamba naumwa.

Wakati tunaagana Papa Sébastien aliuliza kama najua kuogelea.

Nimemjibu kwamba ingénieur haogelei.